Pumzi Isiyo na Harufu

Niliziona kwa mara ya kwanza kwenye mgahawa mmoja wa Mikocheni, juu ya meza ambayo mama mmoja alikuwa akimpulizia mwanawe chipsi zipoe. Picha tatu kwenye fremu nyeusi, karatasi zake zimepigwa rangi ya chai ya maziwa ili zionekane za kale. Bwana mwenye suti, bilauri ya kokteli yenye mguu mwembamba, chupa ya vodka, na maneno machache ya Kiingereza chini yake. Wiki mbili baadaye nikazikuta kwa kinyozi wa Sinza, zimechapwa kwenye bati. Kisha kwenye ukumbi wa hoteli mjini Arusha, kisha kwenye simu ya kijana wa jirani yangu, aliyeiweka moja iwe ya kwanza kuonekana kila anapoiwasha. Sasa kila ninapoingia mahali penye viti virefu na taa za njano, macho yangu huzitafuta, na mara nyingi huzipata.

Ni matangazo ya kokteli za vodka yaliyotoka kwenye majarida ya Marekani, mengi yao ya miaka ya 1950 na 1960. Wapambaji wanayapenda na naelewa kwa nini. Rangi zake zimetulia, maneno ni machache, na nyuma ya kila picha unamhisi fundi aliyesubiri mwanga ukae sawa. Lakini nimekaa nikayasoma, moja baada ya jingine, na nimefikia msimamo ambao nautoa hapa bila kuuzungusha: yaliyovuma kuliko yote kati ya matangazo haya yalimwahidi mtu mzima kwamba anaweza kunywa pombe kali na mkewe, watoto wake na mwajiri wake wasijue. Hiyo ndiyo bidhaa iliyouzwa. Nasi tumeitundika juu ya vichwa vya watoto wetu bila kuisoma.

Pombe iliyokosa mnunuzi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Vodka ilipofika Marekani ilibidi itembezwe sana. Jina lililo kwenye nyingi kati ya picha hizo, Smirnoff, lilianzia Moscow, kwa Pyotr Smirnov aliyefungua kiwanda chake katika miaka ya 1860. Mapinduzi ya 1917 yaliitawanya familia yake. Mwanawe Vladimir aliishia uhamishoni, na huko Ufaransa akamuuzia Rudolph Kunett haki ya kulitumia jina hilo Marekani. Kunett alifungua kiwanda kidogo katika mji wa Bethel, Connecticut, mwaka 1934, muda mfupi baada ya Marekani kuondoa marufuku yake ya pombe.

Biashara ikadoda. Wamarekani walikuwa watu wa wiski, kinywaji chenye rangi, chenye ladha ya pipa na moshi. Nani angelipia kitu kinachofanana na maji? Mwaka 1939 John G. Martin wa kampuni ya Heublein, iliyojulikana zaidi kwa sosi yake ya nyama, aliinunua biashara nzima kwa dola 14,000. Watu wa kampuni hiyo walipenda kusimulia kwamba sehemu ya mzigo wa mwanzo ilizibwa kwa vizibo vilivyoandikwa wiski, na muuzaji mmoja wa South Carolina akaanza kuinadi kama wiski nyeupe isiyo na ladha wala harufu. Shehena ikaisha. Shika maneno hayo mawili, msomaji: haina ladha, haina harufu. Tutayarudia.

Mwaka 1941, Los Angeles, Martin alikaa na Jack Morgan, mwenye baa ya Cock 'n' Bull, ambaye naye alikuwa na soda kali ya tangawizi isiyotoka, ndugu wa Stoney tunayoijua sisi. Wakachanganya vodka, tangawizi, ndimu na barafu kwenye kikombe cha shaba, wakaipa jina la Moscow Mule, nyumbu wa Moscow. Vita vilipokwisha, ikaja kamera ya Polaroid, ile inayotoa picha papo hapo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948. Martin aliinunua akaanza kuzunguka baa kwa baa. Anampiga picha mhudumu ameshika chupa na kikombe cha shaba, anamwachia picha moja, ya pili anakwenda nayo baa inayofuata: tazama, wenzako wanauza hiki, wewe je? Machinga wa Kariakoo wangemwelewa mara moja, na mimi simnyimi sifa yake. Mtu aliyenunua mzigo uliododa akautembeza kwa miguu yake ni mfanyabiashara.

Kauli yenye maana mbili

Sifa zangu zinakoma zinapoanza kurasa za majarida. Watengenezaji wa pombe kali wa Marekani walikuwa wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe kutojitangaza redioni tangu mwaka 1936, na mwaka 1948 wakaongeza televisheni. Makubaliano hayo yalidumu hadi 1996. Kwa hiyo fedha zote zilielekea kwenye karatasi: Life, Esquire, The New Yorker, na baadaye Playboy. Life peke yake ilichapa mamilioni ya nakala kila wiki, na nakala moja ilikaa juu ya meza ya sebuleni, baba akiifungua, mama akiifungua, mtoto naye akiifungua kwa zamu yake.

Ndipo katika miaka ya 1950 Smirnoff ikatoka na kauli iliyoifuata kwa miaka mingi. Kwa Kiswahili ni kama kusema: inakuacha huna pumzi. Kiingereza hutumia maneno hayo kwa uzuri unaomfanya mtu apigwe na butwaa, na tangazo lingeweza kujitetea kwa maana hiyo mbele ya kadhi yeyote. Lakini kila msomaji aliisikia na maana ya pili. Kunywa hii, pumzi yako haitakusema.

Fikiri ni nani aliyeihitaji maana hiyo ya pili. Anayekunywa bilauri moja jioni, ameketi na mkewe barazani, ana haja gani ya kuficha pumzi? Aliyeihitaji ni karani anayerudi ofisini saa nane mchana na kazi bado inamsubiri. Ni bwana aliye kwenye treni ya jioni, akijua kuna mtu atakayemfungulia mlango. Ni mama aliye peke yake nyumbani tangu asubuhi, ambaye watoto watarudi shule wamkumbatie shingoni. Tangazo liliongea nao hao, kwa sauti ya chini, katikati ya jarida la familia.

Nina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Nimelelewa kwa sehemu na shangazi yangu, Tanga. Alikuwa na desturi ya kumpokea mumewe mlangoni na kumsaidia kuvua koti. Mikono yake ilikuwa kwenye koti, pua yake ilikuwa kazini. Sisi watoto tulikaa kwenye mkeka tukimtazama yeye, si mjomba. Uso wake ukitulia, tulijua tunaweza kuomba hela ya daftari. Ukikunjamana kidogo, ilikuwa mnazi, na maana yake ni kula haraka na kunyamaza. Na kulikuwa na uso wa tatu, uso wa gongo, ambao ukitokea tu dada mkubwa alibeba mdogo mgongoni tukapita mlango wa nyuma kwenda kulala kwa jirani. Hatukuwahi kuelezwa chochote. Harufu ilikuwa habari, na habari hiyo ilitulinda.

Nilipoielewa ile kauli ya pumzi, nilimkumbuka shangazi akiwa mlangoni na koti mikononi. Ingekuwaje kama asingenusa kitu? Mjomba angekuwa amelewa vilevile. Sisi tungekuwa bado kwenye mkeka.

Piramidi ndani ya bilauri

Tangazo maarufu kuliko yote lilipigwa picha Afrika. Mwaka 1955 Bert Stern, kijana mzaliwa wa Brooklyn, alipanda ndege hadi Misri kwa kazi ya Smirnoff. Alisimamisha bilauri ya martini mbele ya piramidi ya Giza, na kinywaji kikafanya kazi ya lenzi: piramidi ikaonekana ndani ya bilauri, kichwa chini miguu juu. Martini husifiwa kwa kuwa kavu, yaani kutiwa vermouth kidogo tu, na tangazo likaufunga ukavu huo na ukavu wa jangwa. Wanaoandika historia ya utangazaji wanalihesabu miongoni mwa makubwa ya karne, na Stern akawa mpiga picha wa kutajwa. Yeye ndiye aliyempiga Marilyn Monroe mwaka 1962, wiki chache kabla ya kifo chake.

Nakiri picha ile ni nzuri mno. Nimeitazama mara nyingi na bado hunyamazisha. Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Itazame tena na ujiulize, unaona nini ndani ya bilauri? Huoni vodka, kwa sababu vodka haionekani. Unaona kaburi la mfalme. Kitu kisicho na rangi, ladha wala harufu huchukua sura ya chochote utakachokisimamisha nyuma yake, na hapo ndipo siri ya biashara hii yote ilipo. Kanuni za serikali ya Marekani zenyewe, hadi mwaka 2020, ziliieleza vodka kuwa kilevi kisicho na sifa ya pekee, harufu, ladha wala rangi. Wiski ina shamba lake, ina pipa lake na miaka yake ya kungoja. Mnazi una mgema na mti wake. Vodka ya majarida haikuwa na cha kusimulia, ikaazima vya wengine: piramidi za Misri, umaarufu wa Groucho Marx, wa Zsa Zsa Gabor, wa Woody Allen angali kijana wa vichekesho. Katika miaka ya 1980 Absolut ya Uswidi ilikwenda mbali zaidi, ikaacha hata watu, ikatundika umbo la chupa yake kila mahali, na Andy Warhol akalichora. Watu walikata kurasa hizo na kuzikusanya kama stempu.

Kisichoonekana kwenye kurasa zote hizo ni asubuhi inayofuata. Wala hakuna bili.

Wakati huohuo, jikoni

Nimejaribu kuweka miaka hiyo kando kwa kando, na inatisha jinsi inavyokaribiana. Mwaka 1951, Marekani hiyohiyo, wake wa walevi, Lois Wilson akiwa mbele yao, waliviunganisha vikundi vyao vikawa Al-Anon, mahali pa familia kukaa pamoja na kusemezana yale wasiyoweza kumwambia jirani. Mwaka 1956 chama cha madaktari wa Marekani kilitamka kwamba ulevi wa kupindukia ni ugonjwa. Kwa hiyo mama aliyefungua jarida mezani na kuiona kauli ya pumzi isiyo na harufu angeweza kuwa mama yuleyule aliyekwenda jioni kwenye kikundi kulia. Waliotunga matangazo waliishi nchi hiyohiyo, mitaa hiyohiyo. Wangeshindwaje kujua?

Na ahadi yenyewe ilikuwa ya uongo. Kilevi kinapoingia tumboni huingia kwenye damu, damu hupita kwenye mapafu, na mapafu hukitoa nje kwa kila pumzi. Pombe ikichujwa kwa makaa mara kumi, mapafu yatafanya kazi yao tu. Mwaka 1954, kauli ile ikiwa bado mpya majaridani, Robert Borkenstein wa polisi wa jimbo la Indiana alitengeneza kifaa cha kupima ulevi kwa pumzi, mzazi wa kipimo ambacho askari wa usalama barabarani leo humwekea mdomoni dereva wa basi kabla hajaondoka na abiria. Mashine ilijua. Waliobaki hawajui ni mke aliye mlangoni na mtoto aliye kwenye mkeka, ambao hawana mashine.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Vodka haikumponya mtu haja ya kunywa. Ilimwongezea miaka ya kuficha, na miaka hiyo ndiyo inayomaliza akiba ya nyumba, kwa sababu hakuna anayeanza kuuliza fedha zinakwenda wapi.

Baada ya harufu, ladha

Harufu ikishaondoka, kilichobaki ni mwasho wa kooni, na huo ulizimwa kwa juisi. Majarida yaligeuka vitabu vya mapishi: vodka na maji ya machungwa, vodka na nyanya, vodka na tangawizi. Mchekeshaji George Jessel alijitokeza kwenye tangazo la Smirnoff akidai kuivumbua Bloody Mary ya nyanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 George Lois alitunga tangazo la vodka ya Wolfschmidt ambamo chupa inaitongoza nyanya, na wiki iliyofuata chupa hiyohiyo, imelazwa, inalibembeleza chungwa. Tunda likawa mwanamke, na chupa ikawa mwanamume asiyetulia. Wasomaji walicheka, mimi siwezi.

Ladha ya pombe ilikuwa lango. Mwili wa asiyezoea hukunja uso, na kukunja uso ni ulinzi. Juisi ililifungua lango hilo kwa watu ambao wiski isingewapata. Mwaka 1958 chama cha watengenezaji kiliondoa katazo lake la kuwaonyesha wanawake kwenye matangazo, na picha za meza za kokteli zikajaa akina mama wenye glavu. Ebony, jarida la Wamarekani Weusi lililoanzishwa Chicago mwaka 1945, nalo lilibeba kurasa nyingi za pombe, watu waliozuiwa kuketi kwenye mahoteli mengi ya nchi yao wakionyeshwa jinsi bilauri itakavyowafanya waonekane wameketi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, kinywaji kilichouzwa kwa dola 14,000 kwa kukosa wanywaji kilikuwa ndicho pombe kali inayouzwa kuliko zote Marekani.

Ukuta wetu

Labda msomaji ataniuliza, ya Wamarekani wa kale yanatuhusu nini? Ingia dukani utazame rafu. Smirnoff ipo, na vodka za bei nafuu zipo, kwenye vichupa bapa vinavyokaa vizuri mfuko wa nyuma. Pembeni yake yapo makopo ya vinywaji vitamu vyenye picha za matunda, ambavyo kijana anaweza kuvinywa vitatu kabla mwili wake haujamwambia amekunywa nini. Ladha iliyofunikwa kwa juisi miaka sitini iliyopita imefika mtaani kwetu ikiwa tayari imechanganywa.

Na ile kauli nayo imefika, bila tangazo. Zamani mnywaji wa mitaani alitafuna karafuu au pipi ya kifua akikaribia nyumbani. Siku hizi nasikia vijana wakishauriana waziwazi: kunywa nyeupe, haitoi harufu. Nimemwona kijana kwenye daladala asubuhi na chupa ya maji iliyokuwa haina maji. Mama yake, ninayemfahamu, anasimulia kwa fahari kwamba mwanawe hanusi hata bia.

Tanzania ilipopiga marufuku viroba mwaka 2017, tulikubali kwamba namna pombe inavyofungwa inaweza kuwa na madhara kama pombe yenyewe, kwa sababu pakiti ndogo iliingia mfukoni mwa mwanafunzi na kwenye dashibodi ya lori. Hoja ileile inasimama kwa maneno na picha. Ahadi ya kuficha ni kifungashio, na hakuna sheria inayoweza kuikamata ikishakuwa pambo la ukuta.

Nilimuuliza msimamizi wa ule mgahawa wa Mikocheni alizichaguaje zile picha. Alinijibu kwa upole kwamba zinaendana na rangi ya viti. Hakuwa amesoma maneno yaliyo chini, na simlaumu, maana hata mimi nilizipita mara kadhaa kabla ya kusimama.

Wenye migahawa, nawaomba mzihamishe. Kaunta ya baa ni mahali pake, mbele ya watu wazima waliokuja kunywa wakijua wanakunywa. Ukuta wa mahali familia zinapokula haufai. Nanyi wazazi, mkizikuta bado zipo juu ya meza yenu, msihame meza. Mwambieni mtoto anayejua Kiingereza asimame, ayasome yale maneno ya chini kwa sauti, kisha mwelezeni maana zote mbili kabla chakula hakijaletwa.